Intaneti ya Meli za Kitalii kwa Wacheza Gemu: Uliza Setilaiti Kwanza, Bei Baadaye

Ukivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita, simu yako haina habari kwamba iko majini. Minara ya nchi kavu inaifikia kutoka ng'ambo zote mbili, na bando linaendelea kufanya kazi kama uko Kondele. Meli kubwa ya kitalii ni mambo mengine. Ikishatoka bandarini na ardhi ikapotea machoni, kila paketi ya gemu, yaani kipande kidogo cha data, inapanda kwenye setilaiti, inashuka kwenye kituo cha ardhini katika nchi fulani, ndipo inaanza kuitafuta seva. Tathmini hii inapima waifai inayouzwa ndani ya meli hizo kwa kazi moja tu: gemu za mtandaoni. Inawalenga wasomaji wa Kisumu, Nakuru na magharibi wanaochukua kandarasi za kazi melini, pamoja na wachache wanaopanda kama abiria.

Hukumu yenyewe haina mzunguko. Meli inayotumia setilaiti za chini inatosha kwa gemu nyingi za kujifurahisha, lakini usiitegemee kwa mashindano. Meli inayotegemea setilaiti za juu kabisa haifai gemu za papo kwa papo, hata ukiuziwa kifurushi chenye jina la kifahari namna gani. Kasi ya megabiti inayoandikwa kwenye matangazo haikusaidii kuamua. Saa moja ya gemu ya kupigana risasi hula takriban megabaiti 40 hadi 150, kiasi ambacho hata laini dhaifu inakimudu. Kinachoua gemu ni muda wa paketi kwenda na kurudi, yaani pingi, na paketi zinazopotea njiani.

Aina tatu za setilaiti

Setilaiti za zamani za mawasiliano ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kitufe ulichobonyeza kinapanda umbali huo na kushuka, kisha jibu la seva linapanda na kushuka tena. Jumla ni kilomita zaidi ya 143,000. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu milisekunde 480 zinaisha kabla hatujahesabu waifai ya meli, ruta zake wala seva yenyewe. Katika matumizi ya kawaida tegemea 600 na kuendelea. Adui unayemlenga alishaondoka pale zaidi ya nusu sekunde iliyopita. Hakuna kifurushi cha bei ghali kinachoweza kupunguza umbali huo, na mhudumu wa kaunta akikuahidi vinginevyo, anauza tu.

Kundi la katikati ni setilaiti za O3b za kampuni ya SES, zilizo kilomita 8,000 hivi juu. Hapa pingi huzunguka milisekunde 150. Kampuni ya meli ya Royal Caribbean ilizitumia kwa miaka mingi kabla ya mageuzi ya karibuni. Kwa pingi hiyo unaweza kucheza gemu za kadi, za mikakati na hata za magari ukivumilia, ila gemu za risasi zitakuudhi.

Kundi la chini ndilo lililobadilisha mambo. Setilaiti za Starlink ziko kilomita 550 hivi. Royal Caribbean ilitangaza kuziweka kwenye meli zake Agosti 2022. Carnival Corporation ilianza Desemba mwaka huo, na mwaka 2024 ikamaliza kuzifunga kwenye meli zake zote. Mtumiaji wa nchi kavu aliye karibu na kituo cha ardhini hupata pingi ya milisekunde 25 hadi 60. Katikati ya bahari hakuna kituo karibu, kwa hiyo data hurushwa kwa miale ya leza kutoka setilaiti moja hadi nyingine mpaka ipate pa kushukia, na kila mruko unaongeza muda.

Usisikie neno Starlink ukafunga mjadala. Meli nyingi huchanganya huduma mbili au tatu na kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kukuarifu. Nchi ambayo haijaipa Starlink leseni, meli inapaswa kuizima ikiwa ndani ya maji ya nchi hiyo, maili 12 za baharini, sawa na kilomita 22 hivi kutoka ufukweni. Ndiyo sababu pingi inaweza kuwa nzuri usiku kucha kwenye kina kirefu, kisha ikaharibika asubuhi meli inapoikaribia bandari, wakati wewe ungetarajia kinyume chake.

Mlango wa kutokea

Jambo hili ndilo wachezaji wengi hawalipimi, na lina uzito sawa na setilaiti yenyewe. Ukiwa Kisumu na faiba ya nyumbani, data yako inakwenda Nairobi, inashuka Mombasa, inaingia kwenye kebo ya baharini. Kebo ya TEAMS, kwa mfano, inatoka Mombasa hadi Fujairah, kama kilomita 5,000. Ongeza kilomita 830 hivi za Kisumu hadi Mombasa, na kwa hesabu ya mwanga ndani ya faiba tu unapata milisekunde 58 hivi kwenda na kurudi. Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika, Wakenya walionja njia ikibadilika ghafla: simu ni ileile, ruta ni ileile, gemu haichezeki.

Melini njia hiyo huamuliwa na kampuni ya meli na mtoa huduma wake. Chombo kinaweza kuwa Bahari ya Hindi, lakini data ikatokea kwenye intaneti ya kawaida kupitia lango lililo Ulaya au Marekani. Ukishaunganishwa tu, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP na mahali ilipo. Ikisema Miami, basi kwa seva za gemu wewe uko Miami, hata kama dirishani unaiona Fort Jesus. Chagua seva za mashariki mwa Marekani. Fortnite na Dota 2 zinaonyesha pingi ya kila kanda kabla ya mechi, kwa hiyo fuata namba na uisahau ramani. Counter-Strike 2 ina mpangilio wa kuweka kikomo cha pingi unayoikubali. Ukikiacha chini kama ulivyozoea nyumbani, itazunguka ikitafuta mechi bila kupata.

Free Fire ina tatizo lake. Akaunti imefungwa kwenye kanda uliyoifungulia. Kijana aliyefungua akaunti yake Nakuru akienda kufanya kazi Karibea, gemu bado inamrudisha kwenye kanda ya nyumbani, na paketi zake zinavuka bahari mara mbili hata setilaiti ikiwa ya chini. Ataingia, atacheza na marafiki wa mtaani, lakini kupanda daraja asahau. Kufungua akaunti mpya kule kunatibu pingi na kukupotezea ngozi zote, yaani mavazi ya wahusika, ulizonunua.

Namna ya kupima kabla ya kulipia wiki nzima

Ikiwa kampuni inauza kifurushi cha siku moja, nunua hicho kwanza. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, utazame namba ya lango, yaani Default Gateway. Kisha andika ping -n 200 na namba hiyo. Hapo unapima waifai ya meli peke yake, bila setilaiti. Majibu yakiruka kutoka 3 hadi 80 kisha 5, shida iko kati yako na kisanduku cha waifai ukutani. Kuta za meli ni chuma, na milango ya moto ni chuma vilevile. Sogea karibu na mlango wa chumba, au nenda kwenye ukumbi wenye kisanduku kinachoonekana darini, na hakikisha umeshika masafa ya GHz 5. Kuna meli ambazo lango lake halijibu ping kabisa. Hapo utategemea namba inayoonyeshwa ndani ya gemu.

Lango likiwa shwari, rudia kwa ping -n 200 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google. Wastani usikushughulishe sana. Tazama namba ya juu kabisa na asilimia ya paketi zilizopotea. Wastani wa 90 usioyumba ni mtamu kuliko wastani wa 60 unaoruka hadi 400. Paketi zikipotea asilimia 1, gemu ya risasi itakurudisha nyuma hatua moja moja. Zikifika 3, zima. Ukiona pingi inaruka kwa mpangilio unaojirudia, ujue Starlink hupanga upya njia zake kila sekunde 15, na mruko mdogo kwenye mpaka wa kila kipindi ni tabia yake ya kawaida. Kuwasha upya simu hakuutibu.

Saa nazo zina maana. Siku meli iko baharini mchana kutwa, maelfu ya abiria wanatazama video kwenye bomba moja. Siku meli imetia nanga, wengi wanashuka mjini na bomba linabaki wazi. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri pia ni kipindi kizuri. Pima asubuhi, pima usiku, ndipo uamue.

Bei, na unachokatazwa

Vifurushi huuzwa kwa siku na kwa kifaa, na kwa kawaida kuna madaraja. La chini huruhusu ujumbe na mitandao ya kijamii tu, na gemu haitafunguka. La kati hufungua tovuti. La juu huruhusu video na simu za picha, na mara nyingi ndilo pekee ambalo gemu hupita bila kuzuiwa. Kwa kampuni kubwa za Marekani, daraja hilo la juu tegemea dola 20 hadi 30 kwa siku. Wiki moja ni dola 140 hadi 210. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni shilingi 18,000 hadi 27,000. Faiba ya nyumbani ya Safaricom ya shilingi 2,999 kwa mwezi ungeilipia miezi sita hadi tisa kwa pesa hizo. Kwa gemu peke yake, hatuoni thamani yake. Kwa mtu ambaye angenunua kifurushi hata hivyo ili aongee na nyumbani, gemu ni nyongeza nzuri.

Kununua kabla ya safari kwenye tovuti ya kampuni kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua ukiwa ndani, na kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inaweza kutumika kulipia. Kabla ya kulipa, andikia huduma kwa wateja uulize meli hiyo hiyo inatumia setilaiti gani kwenye njia hiyo, kifurushi kinaruhusu gemu na VPN (programu inayopitisha data yako kwa njia ya siri kupitia seva nyingine), na kama unaweza kuhamisha kifurushi kutoka simu kwenda kwa kifaa kingine. Jibu la "intaneti yetu ni ya kasi sana" si jibu.

VPN ina kazi moja ya maana hapa: kupitisha gemu ambayo ukuta wa meli umeizuia. Haipunguzi umbali wa setilaiti, na mara nyingi inaongeza mzunguko mwingine juu yake. Kampuni nyingine huikataza. Vivyo hivyo ruta ndogo za safari na sahani za Starlink za kubeba: kuna kampuni zimeziweka kwenye orodha ya vitu vinavyochukuliwa langoni na kurudishwa mwisho wa safari. Soma orodha ya kampuni yako, maana hubadilika.

NAT, konsoli na ukurasa wa kuingia

Ndani ya meli, watu wengi wanatumia anwani moja ya nje. Matokeo yake, PlayStation itakuandikia NAT (mfumo wa kugawana anwani hiyo) aina ya 3, na Xbox itasema NAT ni kali. Nyumbani ungefungua mlango wa data wa UDP 3074 kwenye ruta yako au kuwasha UPnP, inayoufungua yenyewe. Hapa ruta si yako, kwa hiyo usipoteze jioni yako ukitafuta dawa. Gemu zenye seva kuu huwa zinapita bila matata. Zinazoumia ni zile zinazomuunganisha mchezaji moja kwa moja na mwenzake, hasa za ngumi kama Tekken 8 na Street Fighter 6: mechi inapatikana, kisha inakatika kabla ya raundi ya kwanza. Pia huwezi kuwa mwenyeji wa chumba. Mwachie rafiki aliye na faiba Kisumu afungue, wewe uingie.

Kuunganisha konsoli ni kazi ya pili, kwa sababu waifai ya meli hutaka uingie kwa ukurasa wa tovuti wenye namba ya chumba chako. Nintendo Switch hukuambia usajili unahitajika na kukufungulia ukurasa huo. Xbox ina kivinjari cha Edge. Kwa PlayStation, njia isiyosumbua ni kuingia kwa laptopu, kisha kuwasha hotspoti ya Windows na kuiunganisha konsoli hapo, ikiwa sheria za kifurushi zinaruhusu. Kwenye simu, zima anwani ya faragha ya waifai kwa mtandao huo. Ikiachwa ibadilike, meli itadhani umeleta simu nyingine na kukudai kifurushi cha pili.

Konsoli kubwa ina vikwazo vingine. Televisheni za vyumbani mara nyingi zimefungwa zisibadilishwe chanzo cha picha, kwa hiyo kebo ya HDMI inaweza kukosa pa kwenda. Vyumba vingi vina soketi ya Kimarekani ya volti 110 na ya Kiulaya ya volti 220. Plagi yetu ya meno matatu ya mraba haiingii kokote kati ya hizo. PS5 yenyewe inakubali volti 100 hadi 240, inahitaji adapta ya umbo tu. Ekstensheni yenye kinga ya umeme itachukuliwa kwenye ukaguzi. Kwa ufupi, beba simu yenye padi, Switch au Steam Deck, uache PS5 sebuleni.

Gemu gani zivumiliwe

Kwa setilaiti za chini: Call of Duty Mobile na PUBG Mobile kwenye mechi za kawaida, Fortnite, soka za seva kuu. Kwa zile za katikati: Hearthstone, gemu za mikakati zisizo na haraka, na FC Mobile ukicheza VS Attack badala ya Head to Head, kwa kuwa VS Attack haikulazimishi kuoanisha kila hatua na mpinzani. Kwa zile za juu kabisa: Clash of Clans, ambapo unashambulia kijiji cha mtu asiyekuwepo, na sataranji ya siku kwa siku. Baada ya hapo ni gemu za nje ya mtandao.

Na hizo zinahitaji maandalizi ukiwa bado nchi kavu. Sasisho la gigabaiti 50 kwa laini ya megabiti 5 kwa sekunde ni saa 22 za kupakua bila kukatika, na melini litakatika. Pakua kila kitu nyumbani, kisha zima masasisho ya kujiendesha. Kwenye Steam, fungua kila gemu mara moja ukiwa na mtandao, halafu uingie hali ya nje ya mtandao uone kama inafunguka. Kwenye PS5 washa chaguo la kushiriki konsoli na kucheza bila mtandao. Hamisha uthibitishaji wa akaunti kutoka SMS kwenda kwa programu ya kutengeneza namba za uthibitisho, kwani laini yako ya Kenya haitapokea SMS katikati ya bahari, wakati namba za programu hiyo hutengenezwa ndani ya simu bila mtandao wowote. Halafu weka simu kwenye hali ya ndege na uwashe waifai peke yake. Meli nyingi zina mnara wao wa simu unaotoza kwa viwango vya rominga, na sasisho moja la usiku linaweza kula mshahara.

Kwa wanaokwenda kazini

Vifurushi vya wafanyakazi ni tofauti na vya abiria, kwa kawaida bei yake iko chini, na vingine huhesabiwa kwa data badala ya siku. Setilaiti ni zilezile, lakini abiria wakijaa mtandao unaweza kujikuta nyuma ya foleni. Vyumba vya wafanyakazi viko chini na kati ya kuta nene, hivyo mara nyingi ukumbi wa kulia una mawimbi bora kuliko kitandani. Marekebisho ya mwaka 2022 ya mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, MLC 2006, yalianza kutumika tarehe 23 Desemba 2024. Yanataka mabaharia wapewe mawasiliano na intaneti kadiri inavyowezekana, na gharama ikiwepo iwe ya kiasi. Hayazungumzii gemu. Yanakupa tu hoja ya kumwuliza wakala, kabla hujatia sahihi, kifurushi cha wafanyakazi kwenye meli hiyo ni dola ngapi, kina gigabaiti ngapi, na kinaruhusu vifaa vingapi.